Mapenzi Baada ya Sekondari

Anime za mapenzi na vichekesho, yaani katuni za Kijapani za mkondo huo, huishia mara nyingi pale wanafunzi wawili wa sekondari wanapokiri kupendana, kana kwamba kukiri huko ndiko mapenzi yenyewe. Hata hivyo Maison Ikkoku, iliyotokana na manga (hadithi ya picha) ya Rumiko Takahashi na kurushwa kwa vipindi 96 kati ya 1986 na 1988, ilikwisha kuonyesha njia nyingine. Godai ni ronin, neno la kale la samurai asiye na bwana, ambalo siku hizi humtaja mhitimu aliyefeli mtihani wa kuingia chuo kikuu na anayejiandaa kuurudia, naye anampenda Kyoko, mjane kijana anayesimamia nyumba ya kupanga anamoishi. Kinachowachelewesha si haya peke yake, bali pia uhaba wa ajira na kivuli cha marehemu mume, ambaye hata mbwa wa Kyoko anaitwa kwa jina lake (mzaha wenye uchungu kuliko unavyoonekana). Ndiyo maana Godai anapopata hatimaye kazi ya ualimu wa watoto wadogo, tukio hilo lina uzito wa kimapenzi kuliko busu lolote.