KOPO LA BUNGA LINATUIBIA

Wandugu wafanyakazi wa mashimo, na ninyi wote wakaaji wa mji, tuseme wazi.

Hapa Lubumbashi tunapima bunga kwa meka. Ndugu zetu wa Kinshasa wanaita kipimo chao ekolo. Majina ni mbalimbali, hila ni moja: chini ya kopo panagongwa kwa nyundo, panaingia ndani. Jina linabaki, bei inabaki, bunga bunapunguka. Na mkate? Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya ngano, jina lake halikubadilika, lakini mkononi ulikuwa mwepesi.

Hatumlaumu mama wa soko peke yake. Yeye naye ananunua gunia asilolipima.

Wazee wetu wa Union Minière walipewa posho kwa kilo. Hatulilii posho ya wakoloni, tunalilia mizani. Tunataka mizani katika kila soko, na gramu ziandikwe kwa kila mkate.

Mtoto hashibi jina la kipimo. Uhuru wa 1960 ulitupa bendera. Kilo kamili bado tunaidai.