KILA NDEGE HURUKA KWA UBAWA WAKE

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, nina umri wa miaka 16 na uzito wa kilo 91. Wanaotaka kucheka wacheke sasa. Wakimaliza, tuendelee.

Shuleni naitwa "Trela". Jina hilo nimelizoea, halinikoseshi usingizi. Kinachonikera ni ushauri ambao sisi wenye miili mikubwa hupewa kila tunapotaka kujifunza mchezo wa kujihami: "Punguza mwili kwanza, halafu urudi." Jamani! Huko si sawa na mwalimu wa hisabati kumwambia mwanafunzi ajue hesabu kwanza, ndipo aingie darasani?

Hebu niwaeleze yaliyonifika. Mwaka jana nilijiunga na kikundi kimoja cha karate mtaani. Sikuvutwa na sinema. Sisi wa shule ya kutwa hutoka hapa giza likibisha hodi, na njia ya kwetu hupita karibu na vibanda vya pombe. Nilitaka tu kufika nyumbani bila moyo kunidunda. Mwalimu wa kikundi alikuwa hodari, hilo sikatai, lakini alitufunza sote kwa kipimo kimoja: ruka, piga teke la juu, tua, ruka tena. Kila nilipotua, goti langu lilipokea kilo zote 91. Wiki ya tatu likafura kama andazi.

Hayo ningeyavumilia. Siku moja tukapangwa wawili wawili kwa rangi ya mshipi, siyo kwa uzito. Nikapewa msichana wa kidato cha kwanza wa shule hii hii, ambaye nadhani hata nusu yangu hafiki. Nikarusha teke, goti likanisaliti, nikamwangukia. Mfupa wake wa mtulinga ukavunjika. Kesho yake shule nzima ikawa inaimba ati trela limekanyaga baiskeli. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyetupanga pamoja.

Nilikwenda kwao kuomba radhi, roho mkononi. Mamake alinipa chai, akanitazama, kisha akaniuliza, "Na wewe mwanangu, hukuumia?" Nililia pale pale. Tangu siku ile, hakuna mwingine aliyekuwa ameniuliza.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: mtu achague mchezo unaoufaa mwili alio nao, wala asiuchukie mwili wake kwa sababu ya mchezo. Kwetu sisi wazito, naona judo na mieleka ndiyo milango ya kwanza ya kubisha. Nina sababu tatu.

Kwanza, michezo hiyo huuliza kilo zako kabla ya kukupa mpinzani. Katika mashindano ya Olimpiki, wanawake wa judo hugawanywa makundi saba, na kundi la mwisho ni la waliozidi kilo 78. Idalys Ortiz wa Kuba alishinda dhahabu katika kundi hilo mjini London mwaka 2012. Mwenzake wa nchi hiyo hiyo, Mijaín López, alishinda dhahabu ya mieleka ya uzito wa juu mara tano mfululizo, kuanzia Beijing 2008 hadi Paris 2024. Hao, bana, hawakuambiwa wapungue kwanza!

Pili, mwanafunzi wa judo huanza kwa kufunzwa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umekunjwa kama tao, mkono ukipiga sakafu. Mtu mzito akianguka, huanguka kwa kishindo. Somo hilo linamfaa kuliko mtu yeyote.

Tatu, anayemwangusha mwenzake hufunzwa kumshikilia kwa mkono wa nguo ili asianguke vibaya. Mimi ningalijua hilo mapema, huenda mtulinga wa mtu ungalisalimika. Isitoshe, judo haidai kuruka. Ukimlaza mpinzani chali na kumbana sekunde 20, umeshinda. Hapo uzito ni akiba, si mzigo.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema Kano Jigoro, aliyeanzisha judo kule Japani mwaka 1882, alikuwa mtu mdogo wa umbo. Ni kweli, na ndiyo maana judo humfaa mdogo pia. Wengine watanikumbusha kwamba Faith Ogallo aliiwakilisha Kenya katika taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, kundi la waliozidi kilo 67. Naam! Sijasema mateke ni haramu kwetu. Mwalimu mwenye busara atamfunza mzito kusimama imara, kupiga ngumi kutoka kiunoni na teke la chini, asimrukishe kama panzi.

Basi, mwenzangu, kabla hujalipa ada popote, uliza maswali matatu. Je, mnapanga watu kwa kilo? Wiki ya kwanza mnafunza nini? Na mimi, badala ya kuruka, nitafanya nini? Ukijibiwa kwa kicheko, shika njia.

Kwa walimu wetu wa michezo nina ombi moja, nalo halina gharama kubwa. Shimo la mchanga la kurukia tunalo. Mizani ya kupimia mahindi iko jikoni. Tuanzishieni mieleka, tupangwe kwa kilo, na asiwepo wa kumcheka anayepanda mizani.

Yule msichana amepona. Ijumaa jioni hujifunza pamoja nami kuanguka kwenye mchanga ule, pole pole, bila kushindana. Juzi alinivuta mkono wa sweta, nikateleza, nikaanguka chali. Alicheka, nami nikacheka. Kisha akanipa mkono nisimame.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Tafadhali msituazime mabawa ya wengine, halafu mkatulaumu kwa kuanguka.