Kiwanda cha Kusafisha Mafuta Hakitaifupisha Njia ya Mpanda

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, vijiwe vya bodaboda vya Makanyagio, mjini Mpanda mkoani Katavi, hurudia hoja ileile: tungekuwa na kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, petroli ya Mpanda ingeshuka. Si hoja ya kupuuzwa. Kiwanda huleta ajira na ujuzi, na nchi yenye akiba ya mafuta ghafi haibabaishwi upesi na meli iliyochelewa. Hayo nayakubali. Ninachokataa ni huko kushuka kwa bei.

Kwanza, kiwanda tulishakuwa nacho. TIPER ilianza kusafisha mafuta Kigamboni, Dar es Salaam, mwaka 1966, ikaacha mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo ni ghala. Kile cha Changamwe, Mombasa, kilifanya kazi tangu 1963 hadi 2013, huku wafanyabiashara wa Kenya wakilalamika kwamba mafuta yake, waliyobanwa na sheria kuyachukua, ni ghali kuliko yanayoagizwa yakiwa yamesafishwa.

Miongoni mwa yaliyovilemea, pamoja na uchakavu, ni ugumu wa kupanga ratiba. Mtambo wa kusafishia hauzimwi na kuwashwa kama jenereta. Hufanya kazi usiku na mchana, na mafuta ghafi yakiingia hutoa gesi, petroli, mafuta ya taa, dizeli na mafuta mazito kwa pamoja, upende usipende. Mafuta mazito yakikosa mnunuzi na matangi yakajaa, mtambo mzima hupunguzwa kasi, hata kama sheli zote zinalilia petroli. Meli ya mafuta ghafi nayo ikiwahi kabla tangi halijapata nafasi, hutia nanga na kudai demereji, yaani malipo ya kucheleweshwa, ya kila siku. Viwanda vikubwa vya kisasa huyavunja mafuta mazito yakawa dizeli na petroli. Vile viwili vya pwani yetu havikuwa na mitambo hiyo.

Pili, na hapa ndipo penye uzito kwa mtu wa Katavi, lisome jedwali la EWURA lenyewe. Lita ya Dar es Salaam na lita ya Mpanda zaweza kutoka meli moja, kwa kodi ileile. Kinachozitenganisha hasa ni nauli. Kiwanda kikijengwa Kigamboni au Tanga, lori litaanzia palepale.

Tatu, hata uhaba ambao kiwanda kingetarajiwa kuuondoa si lazima utokane na kukosekana kwa mafuta nchini. Mwaka 2023 EWURA ilifungia vituo vilivyoficha mafuta yakiwa yamo nchini.

Kwa kuwa tatizo ni nauli, badala ya kiwanda ningependa kijiwe kiulizie reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa kwa ajili ya madini ya risasi na hadi leo inaishia Mpanda. Mabehewa mangapi ya mafuta, siku zipi, yanashusha kwenye tangi gani? Ingawa treni hubeba shehena kubwa kwa nauli nafuu, behewa la mafuta haliwezi kurudi na mahindi ya Katavi. Hurudi tupu, tena sharti lirudi haraka, la sivyo nafuu yote huliwa na kusubiri.