Skrini haiwaki, hela hairudi

KERO ZA WIKI
Na Mwanaidi wa Magomeni

Jumanne wiki hii nilisimama mbele ya kaunta ya duka moja Kariakoo, mitaa ya Aggrey, nikamsikia kijana muuzaji akimwambia binti wa kaka yangu, "Dada, laptop yako ndiyo mbovu." Aliyasema huku macho yakiwa kwenye simu yake. Kompyuta mpakato aliyoiita mbovu hakuigusa hata kwa kidole.

Binti huyu ni mfasiri. Anafasiri mikataba, ripoti za mashirika na maelekezo ya dawa, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Anaishi chumba kimoja Mabibo, na meza anayofanyia kazi ndiyo hiyo hiyo ya kulia chakula. Kwa kazi yake, kioo kimoja cha inchi 14 ni mateso. Anafungua andiko la asili, anasoma sentensi, analificha, anafungua tafsiri yake, anaandika, halafu anarudi kutafuta alipoishia. Ndipo mstari unaporukwa, na milioni 15 inaandikwa milioni 1.5. Akiwa na skrini ya pili, andiko la asili linakaa kushoto na tafsiri kulia, macho yanahama tu.

Kuna jamaa ofisini kwetu aliposikia habari hii alisema vijana wa siku hizi wanapenda mbwembwe. Mtu ambaye yeye mwenyewe huchapa kurasa arobaini za karatasi ili aweke pembeni ya kompyuta yake! Karatasi zile ndizo skrini yake ya pili, tofauti ni kwamba tunazilipia sote.

Binti akachagua skrini ya kubeba badala ya ile kubwa ya mezani, na alichagua kwa akili. Ile kubwa inataka meza yake na soketi yake, na umeme ukikatika inazima papo hapo. Hii ya kubeba ina inchi 15.6, haifiki kilo moja, inaingia kwenye begi pamoja na kompyuta, na haili umeme mwingi. Nyingi zinatosheka na umeme wa kompyuta yenyewe au wa pawabenki. Mfasiri wa Mabibo mwenye kazi ya kukabidhi alfajiri haitaki kwa fahari.

Alijibana miezi mpaka akafikisha laki tatu na ushee, akaenda dukani, akauliza swali ambalo kila mteja anapaswa kuuliza: "Hii itafanya kazi na laptop yangu?" Akaitaja hadi modeli. Jibu alilopewa ni hili: "Ina tundu la Type-C? Basi, imeisha hiyo." Wakaichomeka kwenye kompyuta ya duka, ikawaka, picha safi. Akalipa. Alipofika nyumbani akaichomeka kwenye ya kwake. Skrini ikaandika kwamba haipati picha, ikazima. Akachomoa, akachomeka, akageuza waya, akazima kompyuta na kuiwasha. Wapi!

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapoliwa. Umbo lile la tundu, la Type-C, lilianza mwaka 2014, na leo limejaa kila mahali, kuanzia simu hadi taa za kuchaji. Lakini umbo ni umbo tu. Kupitisha picha ni kazi ya nyongeza ambayo mtengenezaji wa kompyuta huamua kuiweka au kutoiweka. Kompyuta mbili zinaweza kuwa na matundu yanayofanana kama mapacha, moja likatoa picha, jingine likaishia kupitisha mafaili na umeme. Zile za miaka ya nyuma, hasa za bei nafuu zinazotufikia zikiwa zimeshatumika, nyingi ni za aina hii ya pili. Wakati mwingine kando ya tundu pana alama ndogo, herufi D na P zilizoshikana, au kimshale cha radi cha Thunderbolt. Ukiiona, picha inapita. Usipoiona bado huna jibu, kwa sababu wapo watengenezaji wasioweka alama yoyote.

Na waya nao hivyo hivyo. Jumanne tuliporudi dukani, kijana yule, mbele ya macho yangu, alivuta droo, akatoa waya mweupe wa kuchajia simu uliokunjwa na kufungwa kwa raba, akasema, "Jaribu huu, Type-C zote sawa." Si sawa! Waya wa chaja umeumbwa kupitisha umeme na data kidogo, megabiti 480 kwa sekunde. Njia za kasi zinazobeba picha mara nyingi hazimo kabisa ndani yake. Ungeuchomeka mpaka kesho kutwa. Kijana anayeuza bidhaa hizi kuanzia asubuhi hadi jioni, akiwa hajui hilo, mwenye duka hajamfundisha kazi. Na kama anajua, basi ametuibia tukimtazama.

Nikamuuliza, kwa upole kabisa, lile tundu dogo lililoandikwa HDMI ubavuni mwa skrini ni la nini. "Hilo mama ni la watu wa gemu." Nikahisi damu inapanda kichwani. Kompyuta ya binti ina tundu la HDMI, kubwa, linaonekana hata bila miwani. Kinachotakiwa ni waya wenye HDMI ya kawaida upande mmoja na ile ndogo upande wa pili. HDMI haileti umeme wa kuwasha skrini, kwa hiyo umeme unatoka kwenye chaja ya simu au pawabenki kwa waya mwingine. Basi! Tulivuka barabara, tukanunua waya huo kwa fundi mwenye kimeza chini ya ngazi, na skrini ikawaka juu ya kimeza chake. Fundi akambonyezea kitufe cha Windows pamoja na P, akachagua picha itanuke badala ya kujirudia, akamrudishia. Hakutaja hela ya kazi.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa waya wa shilingi elfu chache. Muuzaji wa laki tatu alikuwa tayari kumtangazia mtu kifo cha kompyuta yake kuliko kutamka neno hilo moja.

Boksi lenyewe nalo limeandikwa 4K kwa herufi nene. Nililigeuza nikasoma maandishi madogo: kioo ni nukta 1920 kwa 1080. Maana yake skrini inapokea picha ya 4K, kisha inaishusha. Mnunuzi amelipia herufi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua nitakapoishia. Muhuri! Tulipodai warudishe hela au waongeze waya, tulionyeshwa muhuri wa zambarau kwenye risiti ya kuandikwa kwa mkono: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Muhuri uligongwa hela ikiwa imeshaingia kwenye droo. Hayo si makubaliano. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji anataka bidhaa kwa kazi gani na akategemea ujuzi wake: bidhaa hiyo sharti iifae kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo kwa ajili hiyo. Muhuri wa mpira haufuti sheria ya Bunge.

Unayetaka skrini ya namna hii, nenda na kompyuta yako mwenyewe. Ichomoe kwenye chaja, ijaribu skrini kwa waya uliomo kwenye boksi na si wa muuzaji, uiache iwake robo saa uone kama haizimi. Eleza kazi yako kwa sauti, mbele ya shahidi. Halafu dai risiti ya mashine ya EFD, kwa sababu sheria inambana muuzaji asiyeitoa na inambana pia mnunuzi asiyeidai, na bila hiyo hata malalamiko yako hayana miguu.

Nanyi wenye maduka, wekeni waya wa HDMI ndani ya boksi, muuongeze kwenye bei, mtuambie. Tutalipa. Tusichokubali ni kuuziwa kioo cheusi kisha tuambiwe ubovu ni wetu.