Fataki kwa rimoti: vidole vitapona, na kifua je?

Wadau, nikisema fataki simzungumzii yule mzee wa matangazo ya redio ya 2008 aliyekuwa akirubuni mabinti. Nasema fataki zenyewe, za angani. Kule Marekani kila tarehe 4 Julai, siku yao ya uhuru, watu wanazilipua hadi uani kwao. Tume yao ya usalama wa bidhaa ilikadiria majeruhi 9,700 waliotibiwa mwaka 2023, na vifo 8.

Ndio maana siku hizi mtu wa kawaida tu ananunua mtambo wa kulipulia kwa rimoti, kitu ambacho zamani walikuwa nacho wenye kampuni za maonyesho. Kazi yake si uchawi. Risiva yenye betri inakaa karibu na fataki, waya zinatoka humo mbili mbili, kila jozi inaishia kwenye kibanio kinachoshika utambi. Kwenye kibanio kuna kijiwaya chembamba. Ukibonyeza rimoti, umeme unapita, kijiwaya kinaiva kama koili ya jiko, utambi unashika. Wewe uko mbali, umekaa kitako. Wataalamu wanatumia kiberiti cha umeme chenye baruti yake, lakini hicho kwa sheria ya Marekani ni kilipuzi, bila leseni hupati. Kibanio hakina baruti, kwa hiyo kinauzwa kiulaini.

Faida ipo, tusibishe. Sheria yao inataka utambi wa fataki za madukani uwake sekunde 3 hadi 9. Yaani hizo ndizo sekunde zako za kukimbia! Mwaka 2015 Jason Pierre-Paul, nyota wa New York Giants, alilipukiwa mkononi huko Florida, akapoteza kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Rimoti ingemwokoa.

Lakini tazama ya 2021. Matiss Kivlenieks, kipa wa magongo ya barafuni wa Columbus Blue Jackets, umri miaka 24, alikuwa kwenye sherehe pale Novi, Michigan. Fataki iliinama kidogo, ikaanza kufyatua kuelekea watu. Ilimpiga kifuani, akafa. Hapo rimoti ingesaidia nini? Bomba lililoinama litafyatua kule kule lilikoelekea, uliwashe kwa kiberiti au kwa satelaiti. Tena ukiwa mbali gizani huoni kama limeinama. Kinachookoa ni mbao, misumari na mifuko ya mchanga, vitu ambavyo havina taa za kumetameta wala havipendezi kuonyesha washkaji.

Halafu kuna suala la masafa. Mitambo mingi ya bei chee inatumia 433 MHz, masafa yale yale ya rimoti nyingi za mageti na kengele za mlangoni. Ya maana ina ufunguo na namba za siri kati ya rimoti na risiva. Ile ya chee, mimi nisingeiinamia ikiwa imewashwa, hata unilipe.

Na msidhani kompyuta haikosei. San Diego, 4 Julai 2012, wataalamu kabisa, na leseni zao, walipanga onyesho la dakika kama 17 juu ya bandari. Faili la kulipulia na lile la akiba yakachanganyika, maelfu ya fataki yakaondoka kwa mpigo ndani ya sekunde kama 15. Bahati nzuri zilikuwa kwenye matishari majini, hakuna aliyeumia. Sasa hebu weka kosa hilo hilo kwenye uani wa hatua ishirini, na watoto wamekaa kwenye viti vya plastiki.

Ninachoogopa mimi ni ujasiri unaokuja na kile kidude. Aliyekuwa anawasha moja moja na kukimbia, leo anaunga waya 36. Moja ikigoma, anatoka kwenda kuichungulia huku risiva bado ina umeme.

Nyie mlioko Marekani, mmeshawahi kuutumia? Na jirani yenu je, alifunga mabomba yake au aliyasimamisha tu kwenye majani?