Filamu ya anga isiyo na kelele: mimi bado naisubiri

Wasomaji wangu, leo tuweke siasa kando. Najua kuna watakaonuna, lakini hata mwandishi wa habari ana haki ya kuzungumzia anachokipenda.

Kila ninaposikia kuna filamu mpya ya safari za anga inatengenezwa, swali langu la kwanza huwa si nani kaicheza wala imekula mamilioni mangapi. Nauliza hivi: huko juu, chombo kikilipuka, tutasikia kishindo? Kama tutasikia, nitaitazama siku nikiwa sina kazi. Kama ni kimya, naanza kuhesabu siku.

Sauti inahitaji hewa au kitu kingine cha kupitia, na huko hakuna. Stanley Kubrick alilizingatia hilo kwenye 2001: A Space Odyssey mwaka 1968, mwaka mmoja kabla binadamu hajakanyaga mwezini. Mwanaanga anatupwa mbali na chombo chake, anahangaika, anakufa, na wewe mtazamaji husikii kitu. Inatisha kuliko bunduki zote za Hollywood.

Mimi nimekulia kwenye kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, feni moja, na DJ anayetafsiri kila neno na kuongeza ya kwake. Siku walipoweka Gravity, ile ya mwaka 2013, vikafika vile vipande vya setilaiti vinavyosambaratisha chombo cha wanaanga. Kwenye filamu unasikia muziki na pumzi ya mwanamke yule, basi. DJ wetu hakuvumilia. Akapiga "puuu! tratatata!" kwa mdomo mpaka mwisho wa tukio. Watu wakashangilia. Mimi nilikasirika, na nadhani ndiyo siku niliyojua kwamba kile kimya nilikuwa nakitaka.

Lakini msinichukulie kama mwalimu wa fizikia aliyeshika fimbo. Gravity yenyewe ina makosa: inawarusha wanaanga kutoka darubini ya Hubble hadi kituo cha kimataifa kama mtu anayevuka barabara, wakati vitu hivyo viwili vinazunguka dunia kwa njia tofauti kabisa. The Martian ya mwaka 2015 inaanza na dhoruba inayomwangusha mtu huko Mirihi, ilhali hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, shinikizo lake halifiki hata asilimia 1 ya la kwetu. Andy Weir, aliyeandika kitabu chake, amekiri kwamba alijua. Mimi namsamehe. Uongo mmoja wa kuanzishia hadithi nauruhusu. Nisiouruhusu ni uongo wa kumwokoa mtu hadithi ikishabana. Jamaa kaachwa Mirihi peke yake, basi ale viazi alivyolima mwenyewe, apige hesabu, akosee, alipue nyumba yake. Asije akaokolewa na mashine ya ajabu ambayo hatukuwahi kuambiwa ipo.

Ile ninayowasumbua nayo rafiki zangu kuliko zote ni Europa Report, ya mwaka 2013. Haikuwa na pesa nyingi, wala haikuvuma sana. Aliyeiongoza ni Sebastián Cordero wa Ekwado, na mmoja wa waigizaji wake ni Sharlto Copley wa Afrika Kusini. Watu sita wanakwenda Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii, kutafuta kama kuna uhai chini ya barafu. Njiani mawasiliano na dunia yanakatika. Wawili wanatoka nje kutengeneza, na mmoja anamwagikiwa hidrazini kwenye vazi lake. Hiyo ni fueli ya kweli ya vyombo vya anga, na ni sumu kali. Akiingia ndani, anawaua wenzake. Kwa hiyo haingii. Mlango upo, hewa ipo, marafiki wako hatua chache, na haingii. Hakuna adui pale wala hakuna mwenye roho mbaya, ni kemia tu. Nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Na umbali! Kutoka Mshtarii, mawimbi ya redio yanachukua zaidi ya nusu saa kufika kwetu hata sayari hizi zinapokaribiana. Ukiita "jamani, tufanyeje?", jibu utalipata baada ya saa nzima na zaidi. Filamu nyingi wanaongea kama wako Kariakoo na Magomeni.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike leo. Mwaka juzi nilipeleka makala kuhusu mambo haya kwenye gazeti moja. Mhariri, mzee ninayemheshimu, akanirudishia: "Kijana, hizi ni ndoto za Wazungu. Msomaji wetu anataka bei ya unga." Nikasema sawa mzee, nikaondoka. Bei ya unga nimeiandika mara nyingi na nitaiandika tena. Lakini lile neno la ndoto za Wazungu limenikaa kooni.

Mnakumbuka Interstellar ya mwaka 2014, na lile shimo jeusi lililozungukwa na mwanga? Wachoraji walitumia milinganyo ya mwanafizikia Kip Thorne, aliyekuja kupata Nobeli mwaka 2017. Sasa rudini nyuma hadi tarehe 12 Desemba 1970. Baharini karibu na Malindi, hapo kwa majirani zetu Kenya, kwenye jukwaa la Waitaliano liitwalo San Marco, ilirushwa setilaiti ya Marekani, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani. Ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya, kwa hiyo ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia sana kuwafikisha wanasayansi kwenye Cygnus X-1, kitu cha kwanza kukubalika kuwa ni shimo jeusi. Jina la Kiswahili, mzee wangu, na wavuvi wa Ungwana ndio majirani wa lile jukwaa.

Ninayoisubiri sasa ni filamu nyingine ya Europa, na ina muda maalumu. Tarehe 14 Oktoba 2024 NASA walirusha chombo kiitwacho Europa Clipper. Kinatarajiwa kufika Mshtarii Aprili 2030. Hakitatua. Kitapita karibu na ule mwezi mara 49 kikiipima ile barafu na bahari ambayo wanasayansi wanaamini iko chini yake, bahari inayokadiriwa kuwa na maji mengi kuliko bahari zetu zote. Baada ya hapo atakayetunga hadithi ya Europa atakuwa na picha na vipimo mkononi. Kabla ya hapo anabahatisha, na ndiyo maana nataka atokee mtu abahatishe kwa uaminifu, aweke kwenye filamu anachoamini kipo kule, akijua kabisa kuwa kuna chombo njiani kinachokuja kumuumbua.

Ikitoka, nitaitazama kwanza peke yangu, na hedifoni masikioni. Baadaye nitampelekea yule DJ, maana bado yupo na sasa ana ukumbi wa viti vya plastiki. Nimeshamwambia kuna sehemu nitamlipa anyamaze. Amecheka, akaniuliza ni shilingi ngapi.