Muda Usio na Kipimo



Serikali inapomwondoa mtoto kwao ili asiuawe, inatimiza wajibu wake, wala hakuna mwenye akili timamu atakayeilaumu. Lakini mtoto si gunia la pamba liwekwalo ghalani hadi mvua ipite. Huko alikowekwa anakua, anajifunza, na pia anasahau. Kwa hiyo yatupasa kuuliza: mtoto aliyehifadhiwa kwa muda, muda huo unakwisha lini, na elimu aipatayo huko inamrudisha kwa nani?

Tunasema juu ya watoto wenye ualbino. Katika miaka ya 2006 hadi 2008, na tena baadaye, Kanda ya Ziwa ilipatwa na aibu ya mauaji yaliyochochewa na imani kwamba viungo vya binadamu mwenzetu huleta utajiri. Serikali iliwakusanya watoto waliokuwa hatarini katika shule zilizokuwa zikiwahudumia wanafunzi wenye ulemavu: Buhangija mjini Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi, na Kabanga mkoani Kigoma. Bariadi ilikuwa bado sehemu ya mkoa wa Shinyanga, kwani Simiyu ilipata kuwa mkoa mwaka 2012. Hivyo kwa watoto wa huku kwetu kimbilio lilikuwa Buhangija. Hata baada ya hapo hatari haikukoma: mwezi Mei 2014 mwanamke mwenye ualbino aliuawa katika mkoa wetu huu.

Hatuna budi kukiri mema yaliyopatikana. Watoto wengi walibaki hai. Walikutana na walimu waliofahamu kwamba mwenye ualbino kwa kawaida huona kwa shida, na kwamba anayeshindwa kusoma ubaoni si mjinga. Walikuta wenzao wa kucheza nao bila kuitwa zeruzeru. Lakini mabweni yaliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi wachache wasioona yalijaa. Kufikia mwaka 2015 Buhangija ilikuwa na watoto zaidi ya 200 wenye ualbino, baadhi yao wakiwa hawajafikia hata umri wa kuanza shule. Likizo ilipofika wanafunzi wa shule nyingine walikwenda kwao, nao wakabaki. Wapo wazazi waliokuja kuwaona, na wapo walioacha kabisa kuja.

Basi tufanye hesabu. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2009 alimaliza la saba mwaka 2015, na kama aliendelea bila kukatiza, alimaliza kidato cha nne mwaka 2019. Huo ndio ulioitwa muda, nao ulitosha kumaliza utoto mzima. Mtoto wa namna hiyo ana baba, mama na ukoo, lakini amelelewa kama yatima. Hakukimbia vita wala njaa, alimkimbia jirani. Na jirani huyo ni sisi.

Julai 2017 Bi. Ikponwosa Ero, mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ualbino, alitembelea nchi yetu, akahimiza kwamba watoto waliomo katika vituo hivyo warudishwe katika jamii zao kwa utaratibu ulio salama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inaikabidhi serikali ya mtaa jukumu la kulinda na kukuza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Kwa maneno mengine, mtoto wa Bariadi akirudi kwao ni jukumu la Bariadi.

Lakini kumrudisha mtoto nyumbani pasipo kumwandalia shule ni kumtoa katika hatari moja na kumtupa katika nyingine. Elimu ya msingi hutolewa bila ada, na jambo hilo ni jema. Ila ada haikuwa kizuizi pekee. Mtoto huyu anahitaji kukaa dawati la mbele, mbali na mwanga mkali wa dirishani. Anahitaji maandishi makubwa na muda wa kutosha katika mtihani. Anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga ngozi, kwa sababu jua la Usukumani humletea saratani. Anahitaji kusamehewa kazi za nje saa za jua kali. Zaidi ya yote, anahitaji njia ya kwenda shule isiyo na mtu wa kumvizia.

Juu ya njia hiyo tuseme wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa Usukumani na Unyamwezi hawakungoja mtu wa kuja kuwalindia ng'ombe. Waliunda Sungusungu, na mwano ulipopigwa kijiji kizima kilitoka. Je, jamii iliyoweza kukesha kwa ajili ya ng'ombe itashindwa kumsindikiza mtoto mmoja asubuhi na jioni?

Kwa hiyo tunaomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo ifanye mambo matatu. Kwanza, itambue familia zenye mtoto aliye mbali kwa sababu hii, izitembelee, na isaidie nauli ili wazazi wakamwone mtoto wao. Pili, viongozi wa walei wakae na mwalimu mkuu, ofisa ustawi wa jamii na kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto, wakubaliane shule ya karibu inapungukiwa nini na nani atalitimiza kabla mtoto hajarudi. Tatu, tuache unafiki. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Lakini mpiga ramli hana kazi pasipo mteja, na baadhi ya wateja hao tunasali nao Jumapili.

Wala tusiharakishe. Mahali ambapo usalama haujathibitishwa, mtoto na abaki alipo, asome, naye apate kuwaona wazazi wake. Ila kila mtoto awekewe mpango wenye tarehe, wenye jina la shule na jina la mtu atakayewajibika. Muda usio na tarehe si hifadhi tena, ni kusahauliwa.